Waya wa Muadhini

Sehemu ya Tisa

Kata ya maji ilimponyoka Wahida mkononi, ikaanguka, na hakuinama kuiokota.

Hapo ndipo tulipomwacha, msomaji, uani kwake, hatua tatu kutoka mlango wa choo, Jumapili asubuhi. Umekaa wiki nzima ukijiuliza kasikia nini. Basi sikia nawe. Kasikia bunduki. Ta-ta-ta, kimya, ta-ta. Kisha kishindo kimoja kizito, na nyuma yake kikengele cha furaha, kling, kling.

Milio ilikuwa ile ile. Ndiyo iliyotoka kwenye vipaza sauti vya msikiti siku ya Ijumaa, saa tano na nusu, kabla ya adhana, ikautoa mji mbio. Wahida aliikimbia akitokea sokoni, binti yake Rachida mgongoni, samaki kawaacha mezani, akaenda kuzama mpaka mapajani kwenye matope ya mikoko. Watu wa mji huu wa Mocímboa hawaulizi mara mbili wakisikia bunduki. Waliouliza mara mbili miaka ile ya mashambulizi ya watu wa porini hawapo leo.

Na sasa milio hiyo inatoka chooni kwake, nyuma ya mlango wa bati, alipo mumewe Hamido, muadhini.

"Baba Rachida."

Milio ikakatika. Kisha yakamwagwa maji, mengi kuliko haja.

"Naam?"

"Toka."

"Mtu hawezi hata kujisaidia katika nyumba hii?"

"Toka na hiyo simu."

Alitoka. Kanzu kaikunja kiunoni, jasho linamtiririka, macho mekundu. Simu ilining'inia shingoni kwa kamba nyeusi, pamoja na ufunguo wa chumba cha vipaza sauti. Alikuwa mle ndani tangu alfajiri. Alitoka na harufu yote ya chooni, na usoni bado alikuwa na tabasamu la mtu aliyeshinda jambo.

"Hiyo milio ya nini?"

"Milio gani?"

"Hamido." Alimwita kwa jina tupu, jambo ambalo hakulifanya tangu waoane.

"Ah, hii? Jogo tu, Mama Rachida. Mchezo. Watu mia wanashuka kisiwani kwa parachuti, wanawindana mpaka abaki mmoja. Unaondoa mawazo."

"Ndiyo milio ya Ijumaa."

"Bunduki zote zinalia sawa."

"Na kikengele je? Ijumaa niko kwenye tope najiuliza, hawa watu wa porini siku hizi wanakuja na kengele?"

Hamido alitafuta pa kukaa. Hakuona, akakaa juu ya mbuzi ya kukunia nazi. Kikulacho ki nguoni mwako, wazee hawakukosea. Mwanamke alikuwa ameitafuta bunduki ile msituni, baharini, hata kwenye ndoto zake, kumbe anaifulia kanzu.

"Nilisahau waya," alisema mwishowe.

"Waya gani?"

"Kila Ijumaa nauchomeka kwenye simu, watu wasikie Kurani kabla ya sala. Ijumaa hii kisomo kikaisha, na adhana bado. Nikafungua jogo kidogo, dakika tano tu. Waya sikuuchomoa. Mlio ukapanda juu ya paa. Niliposikia nikauchomoa pale pale, wallahi. Lakini watu walikwisha kutimka. Na mimi nikatimka."

"Ulituambia kisomo kilipoisha ulirudi nyumbani kuoga."

"Niliogopa."

Uoga huo, msomaji, sikiliza ulizaa nini. Nadia, mdogo wake Wahida, alikuwa na mimba ya miezi saba. Alikimbia nayo, akaanguka kwenye mizizi ya mikoko. Mtoto alitoka jioni ile ile, na hakulia. Jumamosi akazikwa. Aliyeshuka kaburini kumpokea, kale kafurushi ka sanda ambako hakakujaza hata mikono miwili, alikuwa Hamido. Aliyeinua viganja mbele ya watu akasema "Mungu amlaani aliyetufanyia haya", Hamido. Watu wakaitikia amina, na yeye akaitikia kwa sauti ile nzuri anayoadhinia.

"Ulijilaani mwenyewe na ukaitikia amina," Wahida alisema.

"Ningefanyaje? Kila mtu aliitikia."

Wahida alitema mate chini. Hakuwahi kutema mate mbele ya mtu mzima maishani mwake.

Bado ule si mwisho wa uchafu. Chumba cha vipaza sauti kina funguo mbili. Moja anayo Hamido, nyingine anayo Faquir, fundi wa umeme, mume wa Nadia. Alhamisi Faquir alipanda kwenye paa la msikiti kukaza waya. Ijumaa ikalia milio. Kwa hiyo watu wakasema, ni yeye, katia sauti za bunduki ili nyumba ziachwe wazi na wale wa porini wapite. Siku ya tatu hii amefungiwa ofisini kwa chefe, mkuu wa serikali hapa mjini. Hata mwanawe hakumzika. Na leo, saa saba mchana, msafara wa magari unaondoka kwenda Pemba, mji mkuu wa mkoa wetu, na Faquir yumo kwenye orodha. Mtu akipelekwa Pemba na tuhuma ya namna ile, siku ya kurudi anaijua Mungu peke yake.

"Tunakwenda ofisini sasa hivi," Wahida alisema. "Unasema ni wewe."

"Nitaondolewa uadhini."

"Utaondolewa."

"Watu watanipiga, Wahida."

"Watakupiga. Inuka."

Aliinuka. Hata machozi yalimtoka, na Wahida, ole wake, akayaamini. "Umesema kweli, mke wangu. Huu mchezo umenila. Nasikia milio yake hata nikiwa kwenye sujudu. Niache nioge tu, nivae kanzu safi, nisiende kutubu na harufu ya choo."

Aliingia chumbani akarudisha mlango. Robo saa nzima. Wahida alisimama nje akidhani anasali.

Walipita kwa mama yake Wahida, nyumba inayotazamana na msikiti. Nadia alikuwa kalazwa kitanda cha kamba karibu na dirisha, kanga kajifunika mpaka kidevuni. Alipowaona alijaribu kujiinua.

"Shemeji, mnakwenda kumsemea Faquir?"

"Ndiyo, shemeji," Hamido alijibu.

"Mungu atakulipa." Sauti yake ilikuwa nyembamba, imeisha. "Unajua Ijumaa niligonga kwako? Kwenye kile chumba cha koluna, cha vipaza sauti. Nilijua saa ile huwa uko. Miguu ilinikatika, nikasema shemeji atanishika mkono. Nikagonga, nikagonga. Hapakuwa na mtu."

Wahida alimtazama mumewe. Hamido alimwinamia mgonjwa, akamwekea kiganja kichwani.

"Ningekuwepo, shemeji, ningekubeba mgongoni."

Alikwisha kukimbia, Wahida alijiambia. Alichomoa waya, akakimbia, ndipo Nadia akafika. Alilirudia neno hilo njia nzima, hatua kwa hatua, ili aweze kutembea kando ya mtu yule.

Ofisini palijaa watu. Chefe Casimiro, mtu wa kusini aliyeletwa na serikali mwaka jana, alikuwa nyuma ya meza yake na mihuri miwili. Faquir alikuwa kwenye benchi, mikono imefungwa kwa kamba ya nailoni. Alipomwona Hamido aliinuka, uso umemfunguka.

"Mwanyumba! Nilijua utakuja. Waambie. Wewe unanijua."

"Chefe," Hamido alisema, na sauti ile nzuri ilijaa chumba, "nimekuja kusema ukweli, kwa sababu siku ya kiyama nitaulizwa."

Wahida alifumba macho. Alhamdulillahi, alisema moyoni.

"Alhamisi nilimwona huyu juu ya paa anaunganisha waya nisioujua. Mweusi. Nilimuuliza, hakunijibu. Nilinyamaza kwa sababu ni mwanyumba wangu, tumeoa nyumba moja. Nisameheni kwa kunyamaza."

Ndiyo, msomaji. Umesoma sawasawa. Rudia ukitaka.

Faquir hakupiga kelele. Alikaa chini taratibu, akamtazama Hamido, kisha akaitazama kamba mikononi mwake. Aliyepiga kelele ni Wahida.

"Mwongo! Ni simu yake! Alikuwa anacheza jogo mle ndani, la bunduki, amesahau waya! Amekiri mwenyewe mbele yangu leo asubuhi! Tazameni simu yake!"

Watu walinong'ona. Hamido alitikisa kichwa kwa huruma, akaivua ile kamba nyeusi shingoni.

"Msimlaumu. Mdogo wake kafiwa, shemeji yake kafungwa, akili imemlemea. Simu hii hapa, chefe. Hata namba ya siri nimeitoa. Tazama mwenyewe."

Casimiro aliitazama. Alipitisha kidole juu, akapitisha chini. Kurani. Saa za sala. Picha ya Rachida kavaa sare ya shule. Mchezo, hakuna. Kile cha robo saa, msomaji, hakikuwa sala wala kuoga. Alikuwa anafuta.

"Dona Wahida, não há nada. Hamna jogo humu." Casimiro alimkabidhi yeye ile simu na kamba yake, kama mtu anayemrudishia mtoto kitu chake ili anyamaze. "Nenda nyumbani, mama. Pumzika. Gari saa saba."

Watu wakamfungulia njia. Mmoja alisema pole. Mwingine alicheka. Wahida alitoka juani na simu ya mumewe mkononi. Alitaka kuirusha shimoni.

Simu ikatetemeka kiganjani.

Ulikuwa ujumbe wa mtu anayeitwa Chamsudine, na chini ya jina lake maneno haya: "Kamanda, mbona umetoka kwenye mchezo? Nimekutumia ile partida ya Ijumaa, niliirekodi yote. Ndiyo ile uliyocheza na mji unakimbia. Kijiwe chetu hapa Pemba watu wamecheka mpaka basi."

Chini yake palikuwa na video.

Njia ya mwongo ni fupi, lakini leo ilikuwa fupi mno. Hamido alifuta mchezo. Aliocheza nao hakuweza kuwafuta. Wahida alijibanza kwenye kivuli cha ukuta, akapunguza sauti, akaigusa video.

Ilikuwa picha ya kisiwa, majani ya kijani yasiyo ya nchi yoyote, na watu wa katuni wanapigana risasi. Juu yake sauti mbili.

"Kamanda, kelele gani hizo kwako?" Huyo Chamsudine.

"Watu wanakimbia." Huyo Hamido. Sauti haikuwa na hofu hata chembe. "Nilisahau waya, mlio umetoka kwenye koluna. Nimeshauchomoa."

"Ee! Toka uwaambie basi!"

"Nikitoka partida imekufa. Tumebaki watu kumi na mmoja. Waache wakimbie, watarudi tu."

Wahida aliizima. Hakutaka zaidi. Aliinama kwenye ukuta ule akatapika, chai na muhogo wa asubuhi, vyote. Hakukimbia. Yule mtu hakukimbia. Wakati yeye yuko kwenye tope na mtoto mgongoni, wakati Nadia anajikwaa kwenye mizizi, mumewe alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki anahesabu watu wa katuni waliobaki. Na Wahida akalala naye kitanda kimoja Ijumaa, na Jumamosi, na akamkandia mabega kwa sababu alisema yamechoka kwa kuchimba kaburi.

Alijifuta mdomo kwa ncha ya kanga. Kurudi ofisini? Wameshamwona mwendawazimu. Chefe angesema video zinatengenezwa, Hamido angelia tena, na gari lingewasha moto. Ndipo kitu kigumu kilipomgonga kifundo cha mkono. Ule ufunguo. Ulikuwa bado kwenye kamba moja na simu.

Alikwenda. Alivuka uwanja wa msikiti na viatu mkononi, akafungua chumba cha vipaza sauti, akaingia, akasukuma komeo nyuma yake. Mke wa muadhini haingii mle, lakini miaka saba ya kumsikiliza mume akijisifu juu ya kitufe cha kijani inatosha kumfundisha mtu. Kiti cha plastiki kilikuwepo pale pale. Waya ulikuwepo, unaning'inia.

Aliuchomeka kwenye simu. Kidole kilikuwa juu ya video alipokumbuka. Video inaanza na bunduki. Angeigusa, mji ungetimka tena, na mwenye mimba mwingine angeanguka.

Aliishusha simu. Akakichukua kipaza sauti cha adhana, akabonyeza kitufe cha kijani, akavuta pumzi, na pumzi yake ikasikika mpaka bandarini.

"Msikimbie," alisema.

Haijapata kusikika sauti ya mwanamke kutoka juu ya paa lile.

"Msikimbie. Ni mimi Wahida, mkewe Hamido, mama yake Rachida. Hakuna vita. Mtasikia bunduki, na si bunduki, ni mchezo wa kwenye simu. Ndiyo iliyotukimbiza Ijumaa. Kaeni pale mlipo. Washikeni watoto. Msikilize mpaka mwisho, kisha mseme nani apelekwe Pemba."

Akaigusa video.

Ta-ta-ta. Sokoni, baadaye watu walisimulia, wapo waliochuchumaa. Lakini hakuna aliyekimbia. Sauti ya Chamsudine ikapita juu ya mapaa, kelele gani hizo kwako. Na sauti ya muadhini wao, ile ile inayowaamsha alfajiri, ikajibu. Waache wakimbie, watarudi tu.

Mji ukatoa mlio mmoja, wa watu wengi walioguna kwa pamoja.

Video haikuishia hapo. Wahida hakujua kilicho mbele. Aliizima mapema, unakumbuka. Ikaendelea. Risasi, hatua, kicheko. Kisha kugonga. Kugonga kwa kweli, kiganja juu ya mbao.

"Shemeji!"

Ilikuwa sauti ya Nadia.

"Shemeji Hamido! Fungua! Nishike mkono tu, siwezi mbio, miguu haina nguvu! Shemeji, najua uko humo!"

"Nani huyo, kamanda?" Chamsudine aliuliza.

"Achana naye. Kulia kwako! Kulia, yuko nyuma ya jiwe! Piga!"

"Shemeji, kwa ajili ya Mungu..."

"Piga, piga, piga! Ahaa!"

Kling, kling, kling.

Wahida alikaa chini sakafuni. Kutoka nyumba ya mama yao, kwenye dirisha lililotazamana na msikiti, kililia kilio ambacho hakijapata kulia hata kwenye mazishi ya jana. Nadia alikuwa amejisikia mwenyewe.

Halafu vishindo vya miguu. Wa kwanza alikuwa mmoja, anakuja mbio kutoka upande wa ofisini, kanzu inapigapiga. Nyuma yake walikuwa wengi, na mawe yalikuwa yameshaanza kugonga ukuta wa uwanja.

Kiganja kikapiga mlango. Mbao zile zile.

"Wahida! Mama Rachida! Fungua! Wataniua!"

Wahida alilitazama komeo.

"Nimekosa! Nimekosa, nakubali, nitasema kila kitu, mbele ya chefe, mbele ya Nadia, popote! Fungua tu! Wanakuja, Wahida, wamefika kisimani! Nishike mkono!"

Kinyaa alichokuwa nacho kilimfika puani. Alimchukia mtu yule mpaka kwenye kucha. Angeweza kukaa pale pale sakafuni, mikono mapajani, akahesabu mpaka kumi na moja. Hakuna ambaye angemlaumu. Na yeye angekuwa mtu wa pili kukaa kwenye chumba kile akisikiliza mtu anagonga.

Aliinuka. Vidole vyake vikalishika komeo.

Ndipo nje, karibu kabisa na mbao, aliposikia sauti nyingine, nyembamba, ya mtu aliyetoka kitandani akajikokota uwanja mzima peku.

"Dada," Nadia alisema. "Usimfungulie."